Vipi kama Mturuki angeshinda Mombasa 1589? Nimekwama na stori yangu

Mtoto_wa_Nkuhungu (Dodoma):
Wakuu habari za jioni. Naandika stori ndefu, mwaka wa pili sasa, naandikia kwenye simu usiku watoto wakishalala. Ni vita ya Mreno na Mturuki kugombea miji ya pwani yetu ila kwangu Mturuki ndo anashinda. Historia yenyewe wengi mnaijua, Mreno kaja 1498, 1505 Almeida, mkuu wa meli zao, kapiga Kilwa mwezi wa 7 na Mombasa mwezi wa 8, kapora kachoma. Halafu 1586 hivi akatokea Mir Ali Bey, nahodha wa Mturuki, kutoka Bahari ya Shamu, miji mingi kuanzia Mogadishu mpaka Mombasa ikampokea, akarudi tena na merikebu 5 akaanza kujenga ngome Mombasa, na 1589 jeshi la Goa, makao ya Mreno kule India, likaja likamkamata, akaishia Lisbon.

Sasa mimi nimempa Mir Ali merikebu 40 na mizinga kibao, anashinda, lakini nikisoma naona haina uhai kabisa, vita imeisha kurasa 6. Nimekosea wapi? Na je, miji ingekuwa huru kweli au ingebadilisha bwana tu?

Mimi ni mtu wa bara, ila mwaka juzi nilivuka na mashua kwenda Kilwa Kisiwani, nikasimama pale Gereza, ile ngome ya zamani, ukuta wa upande wa bahari umeliwa na maji, nikashika lile jiwe la matumbawe lina vishimo vidogo vidogo kama mkate wa kumimina. Mji uliokuwa unatengeneza sarafu zake wenyewe! Roho iliniuma. Nataka niwatendee haki wale watu.

Kaskazi_na_Kusi:
Mkuu hongera, endelea hivyo hivyo. Kosa ni hizo merikebu 40, zitoe. Kilichommaliza Mir Ali ni upepo na barua. Kaskazi inavuma Novemba Desemba mpaka Machi, ndo inaleta vyombo kutoka India na Arabuni, na watu wa upande wa Mreno pale Malindi walipeleka habari Goa mapema, ndo maana vyombo kama 20 vikawahi kufika Mombasa mwezi wa 3 upepo bado upo. Sasa wewe icheleweshe ile barua ya Malindi wiki sita tu. Kusi ikishaanza Aprili Goa hawezi kuja tena mpaka msimu mwingine, Mir Ali anapata miezi kibao ya kumalizia ngome na kuomba nguvu Yemen. Babu yangu alikuwa baharia Kilwa Kivinje, alfajiri anasimama ufukweni anageuza shavu huku, anageuza huku, hasemi na mtu mpaka amalize. Mweke mzee kama huyo kwenye stori, vita yako itapumua.

BintiMvita:
Kaka nakuomba kitu kimoja, usiwafanye Malindi wasaliti. Walikuwa mji mdogo na Mombasa ilikuwa inawabana miaka yote, Mreno kwao alikuwa njia ya kupumua. Na walilipwa nini? Mreno kaanza kujenga ngome ya Fort Jesus 1593, Mombasa, na mfalme wa Malindi akahamia huko huko, Malindi ikabaki inafifia. Mtoto wa ukoo ule ule, Yusuf bin Hassan, alilelewa na Wareno Goa wakambatiza, na 1631 ndo yeye aliyemuua kapteni wa ngome. Huyo mtu nikimfikiria silali.

Swali la uhuru lilishajibiwa. Watu wa pwani walimwita Mwomani awatoe Mreno, ngome ikaanguka 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696, na Mwomani hakuondoka. Mturuki naye angekaa. Andika mji uliofurahi siku ile, halafu mwaka unaofuata mtoza ushuru anagonga mlango, anaongea lugha nyingine.

Mkulima_Hombolo:
Ndugu yangu wa Nkuhungu, wewe mtu wa bara halafu bara umelisahau! Siku Mreno anaingia Mombasa Wazimba, wapiganaji waliotoka bara, walikuwa ng'ambo ya kivuko, Mir Ali anapigana mbele na nyuma, na walipovuka ndo mji ukaisha. Baadaye Wazimba hao hao wakaenda Malindi, wakapigwa na Wasegeju, kabila la huko pwani, na Wasegeju ndo wakaichukua Mombasa wakamkabidhi mfalme wa Malindi. Dola mbili zinarushiana mizinga ila walioamua mwisho ni watu waliokuja kwa miguu. Mir Ali wako angekaa nao chini, wazungumze, wagawane kitu.

Na lugha usiiache. Mimi nalima zabibu hapa Hombolo, kila siku nasema mvinyo, na hilo neno ni la Mreno, kama meza, kama leso, hata gereza lenyewe ulilolishika. Baruti ndo tunaambiwa ya Mturuki. Mreno akiondoka 1589 watu wako wanakula juu ya nini, wanakiitaje? Jaza humo.

Mtoto_wa_Nkuhungu:
Wakuu nimesoma mara tatu, asanteni sana. Merikebu nimezirudisha 5 kama zilivyokuwa. Sura ya kwanza sasa inaanzia Malindi usiku, kijana kapewa barua ya kupeleka Goa, chombo kipo tayari, na mama yake ni Msegeju na ameshajua kilichoandikwa. Wazimba nimewapa sura mbili. Dada BintiMvita yule mtoza ushuru nimemchukua, anaingia mwishoni.

Kaskazi_na_Kusi nisaidie tena hapa, huyo kijana akitaka kuchelewesha safari bila nahodha kushtuka anaharibu nini kwenye chombo, tanga au usukani?