Mrejesho: maua ya baraza yenye upepo wa ziwa, Kigoma

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu baraza yangu ya juu inayotazama Ziwa Tanganyika. Upepo wa kiangazi ulikuwa unaangusha kila chungu, na bajeti ni elfu thelathini tu.

Aliyesema niachane na vyungu vya dukani, ubarikiwe. Nimechukua madumu chakavu ya mawese ya lita 20, nikayaosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikayakata nusu na kuyatoboa chini. Kwanza kokoto, kisha udongo uliochanganywa na samadi iliyooza na pumba za mpunga. Hayatikisiki. (Harufu bado ipo kwa mbali. Mgeni akiuliza namwambia ndiyo Kigoma hiyo.)

Mshubiri, mchaichai na bogenvilia vimeshika, vyote vya kuomba kwa majirani. Bogenvilia iko upande wa upepo, nimeifunga kwenye nondo za ukingo, inawakinga wenzake. Mgomba wa maua umenishinda: majani yalichanika nyuzinyuzi, nimeuhamishia uani. Maji sina ratiba; nachomeka kidole, udongo ukiwa mkavu ndani namwagilia, maana upepo unakausha kuliko jua.

Chenji imebaki, nataka asumini. Mwenye mche hapa mjini, mitaa ya Mwanga au Gungu, anistue.