Kisima kimeshuka, maji yamekuwa ya chumvi. Kuchemsha kunatosha?

NdooTupu aliuliza:
Wadau, habari za humu. Kisima chetu tunakichangia nyumba kadhaa na hakijawahi kutusumbua. Tangu mvua zikatike, kamba ya pampu inazidi kurefushwa na maji yenyewe yamebadilika: yana chumvi, sabuni haitoi povu, birika limeota ukoko mweupe ndani. Tunayachemsha muda mrefu ndipo tunywe. Inatosha? Jirani anashauri tuchimbe zaidi kwenda chini.

FundiPampu:
Mkuu, kuchemsha kunaua vimelea, basi. Kinachotoka na mvuke ni maji. Chumvi inabaki palepale, ndani ya maji machache kuliko mwanzo. Ukiyatokosa nusu saa unazidi kujikolezea. Yakishatokota dakika moja yametosha, na kwenye miinuko ya zaidi ya mita 2,000 fanya tatu.

Kwa nini yamebadilika? Mvua ikinyesha, maji mapya hupenya ardhini na kuzimua yaliyomo. Ikikatika, mnachota ya zamani, yaliyokaa na mwamba hadi yakayeyusha madini yake. Mkiwa karibu na bahari kuna kubwa zaidi: chini ya ardhi maji baridi (yasiyo na chumvi) huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi, na kwa hesabu ya kukadiria, usawa wa maji baridi ukishuka mita 1, chumvi inaweza kupanda mita 40 hivi. Kwa hiyo jirani asubiri. Kuchimba kabla ya kujua chumvi inatoka wapi kunaweza kukufikisha kwenye chumvi yenyewe.

Ila mimi chumvi hainitishi sana, maana ulimi unaitambua. Hofu yangu ni floraidi na naitreti, kemikali zinazoyeyuka majini bila ladha wala rangi. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa floraidi kuwa miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi mwaka hadi mwaka, meno ya watoto hutoka na madoa na mifupa huathirika. Naitreti ukomo ni miligramu 50, na ikizidi ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga. Peleka sampuli maabara.

MlinziWaBwawa:
Niongezee kwa wanaokimbilia bwawa kisima kikikauka. Maji yakiwa machache, yametuama na yana joto, ule utando wa kijani kama rangi iliyomwagika hushamiri. Baadhi yake una sumu, na ukiuchemsha seli zinapasuka na kuiachia sumu majini. Msiyanywe, wala mifugo isiyanywe. Mvua ya kwanza nayo isiwapumbaze: inasomba samadi, vumbi na uchafu wa vyoo uliorundikana kiangazi kizima. Ya paani yaacheni yamwagike kwanza hadi paa lisafike.

NdooTupu:
Asanteni sana. Maabara nitaenda. Lakini pampu niifanyeje kwa sasa? Tunaiwasha mara moja asubuhi hadi kisima kikauke, kisha tunasubiri.

FundiPampu:
Hapo ndipo mnapokiua. Kuvuta hadi chini kunapandisha tope, na klorini, dawa ya kuua vimelea, haifanyi kazi vizuri kwenye maji machafu. Vimelea hujificha kwenye chembechembe. Vuteni kidogo kidogo, mkikipumzisha katikati.

Halafu tafuta kamba yenye alama za mita, funga kizito safi, pima kina alfajiri kabla ya mtu yeyote kuchota, andika kwenye daftari. Usawa wa alfajiri ukizidi kushuka wiki hadi wiki, mnachota kuliko kinachoingia, na hakuna pampu mpya itakayobadili hilo. Kaeni nyumba zote mgawane kiwango mapema. Cape Town kule Afrika Kusini, ukame ulipowabana mwaka 2018, waliwekewa kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku, na mabomba ya mji hayakufikia kufungwa. Nyie anzeni na kufua na bustani: maji ya suuza ya mwisho yaende kwenye miche.

Ukipata majibu ya maabara yaweke hapa, tuone floraidi imesomaje kabla hujanunua chujio lolote. Mengi yanayouzwa hayaigusi.