Gumzo la familia: wagombea wanakuja Jumamosi, tuwaulize nini?

Kaka Mkubwa: Habari za asubuhi familia. Mwenyekiti wa mtaa amesema Jumamosi saa nane wagombea wanakuja pale uwanjani, wa ubunge, wa mama kaunti (mwakilishi wa wanawake bungeni) na wale wawili wa MCA, wa bunge la kaunti. Kila familia inapewa maswali mawili. Semeni mapema

Baba Mdogo: Maji na barabara. Imeisha hio

Shangazi: Maji watauliza watu wote ndugu yangu. Mimi nataka swali la wanawake, na sitaki kuambiwa "tunawapenda akina mama wetu", hio tumeiskia kila kampeni. Nataka mtu aseme atapiga kura gani akiingia bungeni

Dada: Shangazi kabisaa. Katiba yetu ya Kenya ni ya 2010, kifungu cha 27 na cha 81, jinsia moja isizidi thuluthi mbili kwa viti vya kuchaguliwa. Sasa piga hesabu, Bunge la Taifa lina wabunge 349, thuluthi ni 117. 2022 wanawake walioshinda maeneo bunge ni 29 kati ya 290, weka na mama kaunti 47 unapata 76. Ata ukiongeza wale wa kuteuliwa wote 12 bado uko mbali sana

Kaka Mkubwa: Na mbona bunge la kaunti naona wako wengi?

Dada: Kwa sababu kule katiba iliweka njia. Kifungu cha 177, kura zikishahesabiwa vyama vinajaza viti vya kuteuliwa mpaka thuluthi itimie. Kwa Bunge la Taifa hio njia haiko, waliachiwa wabunge wenyewe watunge sheria. Kuweka hio njia ni kubadilisha katiba, inataka kura 233 na ikifika siku yenyewe viti viko tupu, 2019 mswada ulikufa hivyo tu, watu hawakufika

Shangazi: Na Maraga akiwa Jaji Mkuu, Septemba 2020, akamwandikia Rais avunje bunge kwa hilo jambo. Halikuvunjwa. Leo yeye mwenyewe anautaka urais 2027, angalau huyo ana kitu alichokitia sahihi tukaona, wengine wana klipu tu

Baba Mdogo: Ahadi tumeona dada. 2022 Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, walisema nusu ya baraza la mawaziri ni wanawake. Majina yakatoka, mawaziri 22, wanawake 7. Mimi sipingi wanawake, nasema tu tusijaze maswali yetu na ahadi

Shangazi: Ndio maana naleta shamba, hapo hakuna kuimba. Mnamjua mama yule jirani yetu wa nyumbani, anaingia kwa majani chai saa kumi na mbili na umande wote, anabeba kikapu mpaka kituo cha kununulia, kilo zinapimwa zinaandikwa kwa namba ya mzee wake. Bonasi ikija inaingia akaunti ya mzee. Taito ya shamba ni ya mzee. Wakiachana leo anaenda kortini kuthibitisha alichangia nini wakati karatasi zote zina jina la mtu mwingine

Dada: Na sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inahesabu kazi ya nyumbani, kulea watoto na kulima kama mchango, iko wazi. Shida ni kuthibitisha. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikasema nusu kwa nusu haiji yenyewe, kila mtu aonyeshe alichoweka. Sasa kazi ya miaka yote utaionyesha na risiti gani

Kaka Mkubwa: Basi swali la kwanza ni hilo. Tumuulize wa ubunge ataleta marekebisho gani ili mama wa shamba asitafute karatasi ambayo hakuwahi kupewa

Baba Mdogo: Hilo nalikubali na nitaliuliza mimi mwenyewe, wakiulizwa na mwanaume mzee hawatacheka

Shangazi: Asante sana ndugu yangu

Dada: La pili nataka haki za watu wa transijenda, wale wanaoishi kwa jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa wakizaliwa. Wagombea wanawataja tu kutafuta makofi, mmoja wa hao wa MCA alisema juzi "hao hatuwatambui"

Baba Mdogo: Hapana mwanangu. Maandiko yako wazi na hii ni familia ya kanisa

Kaka Mkubwa: Kwani si hao ndio walihesabiwa kwa sensa?

Dada: La kaka, sensa ya 2019 ilihesabu huntha, waliozaliwa na maumbile ya kike na ya kiume pamoja, wakapata 1,524, na sheria ya watoto ya 2022 inawataja. Transijenda ni wengine, na kuhusu wao tuna kesi za mahakama zaidi kuliko sheria. 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani libadilishe jina kwa cheti cha Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, na kuondoa alama ya jinsia. Alienda kortini ndio apate cheti kinachofanana naye, na ni cheti cha shule tu

Shangazi: Ndugu yangu hebu sikiliza. 2022 nilikuwa kwa foleni na binti wa kaka yetu. Mashine ilisoma kidole chake ikamkubali, lakini karani akabaki ameshika kitambulisho, anaangalia picha, anamwangalia, akasoma lile jina la zamani kwa sauti mara mbili watu wote wakageuka. Alipiga kura akitetemeka mkono. Yule ni mtoto wetu, wewe ndiye ulimbeba siku ya ubatizo

Baba Mdogo: Hilo hukuniambia dada

Shangazi: Yeye ndiye aliniomba ninyamaze. Leo asubuhi amenikubalia niseme

Baba Mdogo: Mimi imani yangu haijabadilika. Lakini kumsomea jina mtu mbele ya umati ili aaibike, hapana, hio si haki ya mtu yeyote kufanyiwa

Dada: Baba Mdogo sikuombi ubadilishe imani. Swali langu ni moja, huyo wa ubunge ataunga mkono sheria ya kubadilisha jinsia kwenye kitambulisho, ndio au hapana, na karani akidhalilisha mpiga kura achukuliwe hatua gani

Kaka Mkubwa: Akisema "maadili yetu" na kuketi?

Dada: Narudia swali mpaka aseme ndio au hapana

Baba Mdogo: La shamba ni langu. Hilo lingine uliza wewe, mimi nitakuwa nimesimama hapo karibu na wewe