Vespa, Boxer au skuta? Chombo cha kwanza kwa mgeni anayekaa Jambiani

Mwalimu_Mvita
Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Mimi ni Mkenya, mtu wa Mombasa, nasomesha skuli moja huku Jambiani na kibali changu cha ukaazi kina miaka miwili mbele. Gari ya jioni nikiikosa mjini, basi nimelala mjini. Nataka pikipiki iliyokwishatumika, ya kwanza maishani mwangu. Leseni ninayo na daraja la pikipiki limo. Mkononi nina milioni 1.8 za Kitanzania. Nimeoneshwa tatu: Vespa PX ya zamani iliyopigwa rangi mpya, Bajaj Boxer 125, na skuta ya Kijapani ya cc 50 isiyo na gia. Mjini naenda mara moja kwa wiki, kama kilomita 50, na kila siku nina njia ya ndani ya kijiji, mchanga na mawe. Nichukue ipi?

Fundi_Mwanakwerekwe
Waalaykum salaam mwalimu, karibu sana. Skuta iweke pembeni. Kwa mtu wa Kikwajuni anayekwenda Darajani ni chombo kizuri, lakini wewe utaikamua njia nzima, na mkanda wake ukikatika katikati ya msitu wa Jozani utaisukuma mpaka uchoke.

Vespa naipenda, nimeanza ufundi kwa kuosha kabureta zake. Ila ujue kwamba haina fremu ya bomba kama pikipiki nyengine. Lile bodi la bati ndiyo fremu yenyewe. Likiliwa na kutu pale miguuni, chombo kimevunjika mgongo hata kama injini inaita vizuri. Na hapa kwetu upepo wa chumvi haumsamehe mtu, kwa hiyo rangi mpya mimi inanitia wasiwasi kuliko rangi iliyochakaa. Funua mpira wa kukanyagia, chukua bisibisi, gonga bati kwa mpini wake polepole toka mbele kurudi nyuma. Bati zima linalia. Lililojazwa puti, ile dawa ya kuzibia matobo ya bati, linajibu kama unagonga mbao.

Jengine, injini yake ni tustroki, ya mipigo miwili. Petroli inachanganywa na oili, mililita 20 kwa kila lita. Ukinunua petroli ya chupa kijijini ukasahau oili, pistoni inakamata njiani. Boxer haina shida hiyo, na spea zake unazipata mpaka vijijini.

Binti_Wete
Fundi kasema kweli, lakini kuna jambo wanaume hamliulizi. Mwalimu, wewe ni mwanamke? Kama ndiyo, usiivunje Vespa moyo haraka hivyo. Mimi nilitumia Vespa miaka minne. Unakaa miguu pamoja, buibui limetulia, mbele yako kuna bati linalozuia matope ya masika, na hakuna cheni ya kukamata nguo. Shangazi yangu upindo wa buibui uliingia kwenye cheni ya pikipiki pale Konde, akaburutwa hatua kadhaa. Kovu la kiwiko analo mpaka leo.

Niliiacha kwa sababu ya vilima vya Pemba. Nikipakia mtu nyuma, mlima wa kwanza tu nashuka gia mbili. Na magurudumu yake ya inchi 10 kila shimo linayameza. Sasa nina Boxer, lakini niliitafuta yenye kava linaloziba cheni yote, juu na chini. Nyingi zimevuliwa kava hilo kwa uvivu wa kulainisha cheni. Ukiiona haina, dai lirudishwe au usinunue.

Mngazija_Bububu
Mwalimu, na mimi ni mgeni kama wewe, natoka Ngazija. Nyinyi mnazungumza injini na mimi nataka nizungumze kadi ya usajili wa chombo, kwa sababu ndiyo iliyoniumiza.

Nilinunua Honda CG125 kwa dalali mmoja. Chombo kilikuwa safi, sina la kukisema vibaya. Kadi ilikuwa na jina la mtu wa kwanza kabisa, na baada yake kilikuwa kimepita mikono mitatu bila jina kubadilishwa. Nilipotaka kukiandikisha kwa jina langu nikaambiwa mwenye kadi aje. Mwenye kadi yuko Maskati, simu hapokei. Mwenyeji ana ndugu, ana jirani wa kumsemea. Mgeni ukisimamishwa barabarani na kadi si yako, unaanza kueleza kuanzia pasipoti. Mwisho nilikiuza kwa hasara.

Kwa hiyo kadi iwe na jina la huyo huyo anayekuuzia. Linganisha namba ya chesisi na ya injini kwa macho yako, tarakimu moja moja. Andikianeni mkataba mbele ya sheha wake, kiongozi wa mtaa wake, kisha mwende ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, pamoja. Na ukiletewa ya rahisi yenye namba ya Bara, kumbuka Zanzibar ina usajili wake, namba zetu zinaanza na Z. Hiyo rahisi yake itakula pesa yako baadaye.

Fundi_Mwanakwerekwe
Yakhe, hilo la kadi ni la kwanza kabla ya yote, mimi nilitangulia na bisibisi tu. Kwa Boxer, mwalimu, chunguza kama ilikuwa bodaboda: vikanyagio vya abiria vimelika, keria imechomelewa. Nenda asubuhi bila kumwambia, uguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, ameshaipasha, anaficha tabu ya kuwaka. Halafu vuta cheni kwa nyuma ya sproketi, lile duara la meno la gurudumu la nyuma. Ikiinuka ukaona nusu ya jino, cheni na sproketi zote zimekwisha. Moshi wa buluu usiokatika, ondoka.

Mwalimu_Mvita
Ndiyo, Binti_Wete, mimi ni mwanamke, na hilo la buibui limenifaa sana. Ahsante.

Nimerudi kwa wauzaji wote wawili, wa Vespa na wa Boxer. Vespa nimefunua mpira. Mbele bati lilikuwa linalia, nilipofika chini ya breki ya mguu sauti ikafa. Niligonga mara ya pili, likabanduka gamba la puti upana wa kiganja, na kwenye tobo nikauona mchanga wa uwanjani kwa chini. Muuzaji alinyamaza, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Boxer nimeifuata baada ya Alfajiri. Injini ya baridi, imewaka kwa kiki ya pili, moshi hakuna. Kava la cheni lipo zima. Cheni yenyewe inainuka, kama alivyosema fundi, kwa hiyo nimemwambia apunguze bei ya cheni na sproketi, kakubali. Kadi ina jina lake mwenyewe na sheha wake anamjua tangu mtoto. Jumatatu tunakwenda ZRA, yeye na kadi, mimi na pasipoti na kibali. Pesa nakwenda nayo, lakini naitoa jina likishabadilishwa.

Fundi_Mwanakwerekwe
Hapo sawa, bibie. Ukishaipata, usianze safari ya Jambiani siku hiyo hiyo. Pitia kwanza hapa Mwanakwerekwe tumwage oili ya zamani tuione rangi yake, na cheni mpya niifunge mimi. Na Jozani kwenye matuta nenda taratibu, kima punju wanavuka wakati wowote.