Anayepaa anaruhusiwa kupiga na kuondoka kwenye zamu moja?

Muuliza swali
Wakuu habari zenu, mimi ndo GM (mwendesha mchezo) wa kundi letu, tunacheza Mutants & Masterminds toleo la 3, ule mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa wenye nguvu za ajabu. Kuna mchezaji karakta wake anapaa renki 8 (ngazi ya nguvu yake), sasa kila zamu yake ikifika anashuka, anamtwanga adui, halafu huyoo anarudi zake juu ambako hakuna wa kumfikia. Hoja yake ni kwamba renki 8 ni kama maili nzima kwa raundi ya sekunde 6, kushuka na kupanda hajamaliza hata robo so umbali uliobaki ni haki yake. Hesabu iko sawa ila wenzake wanachakazwa huko chini yeye hagusiki. Mnaamuaje nyie?

kete20
Umbali na vitendo ni vitu viwili tofauti. Zamu moja una kusogea kumoja na kitendo kimoja cha kawaida, ukishasogea ukapiga umeishia hapohapo ulipopigia, maili zilizobaki hazina kazi. Kupiga huku unapita kuna advanteji yake (uwezo wa ziada unaonunua kwa pointi za kujenga karakta), ni pointi moja tu! Akaitoe kwenye bajeti yake kama wengine.

daisi_mbovu
Champions, mchezo mwingine wa mashujaa, tangu 1981 walishamaliza huu ubishi, umbali wa kupaa ni namba yake na idadi ya zamu ni namba yake. Raundi moja kule ni sekunde 12, mwenye spidi 6 anacheza mara 6 humo ndani hata kama anatembea kama konokono. Na kule pia ukishashambulia zamu imeisha.

mchezeshaji_mkongwe
Kete20 yuko sahihi kitabuni, ila kumwambia mtu mwenye kasi ya ndege asimame pale asubiri kichapo, aisee, raha yote inaisha. Mi nadai hero pointi, zile pointi za kishujaa mchezaji anazotumia pakibana. Sheria ipo kabisa, unalipa moja unapata advanteji usiyonayo mpaka mwisho wa zamu yako inayofuata, kwa hiyo atafanya pale panapobana, sio kila saa. Na hata akiinunua moja kwa moja sio kinga, adui anaweza kutumia zamu yake kujiandaa, "akishuka tu nafyatua". Weka wahuni wawili wamemlengea uone kama atashuka kizembe.

Muuliza swali
Hiyo ya kumlengea naanza nayo wikiendi hii 😂 Na anayeteleport (anayehama papo hapo toka sehemu moja kwenda nyingine) je? Kasukumwa toka ghorofa ya juu kabisa, anataka ajihamishie chini kabla hajafika eti asiumie.

kete20
Anahama na mwendo wake. Alikuwa anaanguka, akitokea kule bado anaanguka, labda awe na ile nyongeza ya kufuta kasi, nayo ni pointi moja.

mchezeshaji_mkongwe
Kama hana, ajihamishie juu tena apate muda, mwenzake anayepaa amdake. Hapo ndo yule bwana wa mawinguni atakuwa na kazi ya maana.