Naomba maswali ya chemsha bongo ya miaka ya 80 na 90, yawe ya kwetu Nyanda za Juu

Kijana wa Katumba

Habari za jioni wakuu. Desemba hii ukoo wetu unakutana Tukuyu, wazee kwa watoto, na mimi nimepewa kazi ya kuandaa chemsha bongo ya usiku baada ya chakula. Kila meza itakuwa na mzee mmoja aliyekuwa kijana miaka ile na watoto wawili watatu waliozaliwa simu za mkononi zimeshaenea. Mzee anajibu, mtoto anaandika.

Kinachonisumbua ni maswali. Niliyoyakuta mtandaoni ni ya Marekani: Thriller ilitoka mwaka gani, nani aliigiza Rambo. Ya hapa nchini nayo ni ya Dar tupu, kumbi za Kinondoni na bendi za Ilala. Baba mdogo hakuwahi kuhama Tukuyu. Mama mkubwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Iringa, mjomba alikuwa anaendesha semi kwenda Zambia. Ukiwauliza habari za Kinondoni watanyamaza, halafu watoto wataondoka wanaamini huku kwetu hakukuwa na kitu.

Nipeni maswali ambayo mtu wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songea akiyasikia ananyanyuka kwenye kiti. Na majibu yawe ya uhakika, maana baba mdogo habishani kidogo.

Binti wa Kihesa

Kamwene mdogo wangu. Anza na hili: bendi gani ya dansi ilimilikiwa na kiwanda cha kukata almasi, na kiwanda hicho kilikuwa mji gani?

Jibu ni Tancut Almasi Orchestra, Iringa. Mama yako mkubwa kama alifundisha Iringa miaka ya themanini hawezi kulikosa. Almasi zilichimbwa Mwadui kule Shinyanga, zikaletwa Iringa kukatwa na kung'arishwa, na kiwanda kikaanzisha bendi, kama yalivyofanya mashirika mengi ya umma wakati ule. Dar kulikuwa na Bima Lee ya Shirika la Bima, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, JUWATA ya jumuiya ya wafanyakazi. Mwanamuziki alikuwa na ajira na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Waeleze watoto hilo kabla hujauliza, maana kwao mwanamuziki ni mtu na simu yake na chaneli yake, hawawezi kufikiri kwamba gitaa lilikuwa mali ya kiwanda.

Swali la pili, kwa meza zitakazopata la kwanza: waimbaji gani wawili wa Tancut walikuwa mapacha? Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, watu wa Zaire. Ule wimbo wa "Nimemkaribisha Nyoka" ukiupiga pale ukumbini hutahitaji kutoa kidokezo chochote. Mwingine unayeweza kumuuliza ni John Kitime. Vijana wengi wanamjua kama mzee anayeandika na kusimulia historia ya muziki wetu, hawajui kwamba naye alipita Tancut.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Watu wakihesabu bendi kubwa za zama zile wanaanza na Sikinde, Msondo, Maquis, OSS, Vijana Jazz, Matimila, na wanamalizia hapohapo. Zote nazipenda. Sikinde imeanzishwa 1978 na mpaka leo ikipigwa sikai chini. Lakini mji mdogo wa baridi kama Iringa ulikuwa na bendi ambayo nchi nzima iliisikia redioni, na hilo linastahili kuulizwa kwenye kila chemsha bongo, hata ya Dar.

Sasa kuhusu namna tulivyoisikia. Redio ilikuwa moja, RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi za mikoani zilisafiri mpaka Dar, Barabara ya Pugu, zikarekodi pale studio, kisha wimbo ukaturudia huku kwa masafa, unapanda na kushuka. Kaka yangu alikuwa na redio kaseti aliyoinunua kwa mshahara wa miezi kadhaa, na kazi ya kurekodi ilikuwa yangu kwa sababu yeye jioni alikuwa kazini. Nilikaa mbele ya redio, kidole kimoja kwenye kitufe cha kurekodi na kingine kwenye cha kupiga, vyote viwili vilikuwa lazima vibonyezwe kwa pamoja, huku nimemnyamazisha kila mtu ndani ya nyumba. Mtangazaji akiwa bado anasema jina la bendi unangoja. Akinyamaza tu, unabonyeza. Ndiyo maana kanda nyingi za wakati ule zinaanza na silabi ya mwisho ya mtangazaji.

Hapa una swali la vitendo. Tafuta kanda ya zamani, wape watoto, waulize vile vijitundu viwili vya mgongoni ni vya nini. Kanda mpya ilikuja na vijimeno viwili vya plastiki juu. Ukishapata wimbo unaoutaka, unavivunja kwa ncha ya kisu, na redio haiwezi tena kurekodi juu yake. Siku ukiamua kuufuta, unaziba vijitundu kwa karatasi iliyokunjwa au gundi ya karatasi, inarekodi kama kawaida. Mkanda ukiliwa na kukatika, tulikata ncha zote mbili sawasawa kwa wembe, tukaziunganisha kwa tone la rangi ya kucha, tukangoja ikauke kabisa. Wimbo ulipofika pale ulidunda kidogo na kuendelea. Mimi mpaka leo nikiusikia wimbo fulani wa Vijana Jazz nausubiri ule mdundo wa kiungo, na haupo, kwa sababu sasa ni nakala safi.

Mzee wa Bagamoyo Road, Tukuyu

Ugonile Kijana wa Katumba. Kwenu Tukuyu halafu swali la mpira hujalipata? Uliza: timu gani ilipanda daraja na hapohapo ikachukua ubingwa wa Tanzania Bara, na mwaka gani? Tukuyu Stars, 1986. Banyambala, ndivyo tulivyowaita! Simba na Yanga zote zilikuwepo na wachezaji wao wote. Na Sekilojo Chambua, ambaye watu wa Dar wanamhesabu kuwa wa Yanga tangu kuzaliwa, alitokea Tukuyu Stars.

Baba yako mdogo muulize alikuwa wapi siku zile. Sisi tulikuwa tunasikiliza mpira dukani kwa mtu, betri za National zimeshinda juani kwenye bati tangu asubuhi zipate nguvu ya dakika tisini. Ahmed Jongo au Dominic Chilambo akipandisha sauti, mtaa mzima unasimama kabla hujajua mpira uko goli lipi.

Mwana Songea

Mzee wangu shikamoo. Mbona bingwa wa 1986 ni Majimaji ya Songea? Nimelelewa nikiambiwa hivyo.

Mzee wa Bagamoyo Road, Tukuyu

Marahaba. Zilikuwa ligi mbili kijana wangu. Ligi ya Bara ilikuwa na bingwa wake, halafu timu za juu za Bara zilikutana na za Zanzibar kwenye Ligi ya Muungano, nayo ilikuwa na bingwa wake. Majimaji walichukua Muungano 1985 na 1986, na tena 1998. Kwa hiyo 1986 ubingwa wa Bara ulikuwa Tukuyu na wa Muungano ulikuwa Songea. Vikombe vyote viwili vilikuwa kusini mwaka mmoja. Kijana wa Katumba, hilo ndilo swali lenyewe, uliza hivyo hivyo: mwaka gani?

Mtoto wa Makambako

Wakubwa shikamooni. Mimi naleta la redio lakini si la muziki. Kwa ajili ya mjomba wako wa semi: kwenye mchezo wa redio wa Twende na Wakati, Mkwaju alikuwa anafanya kazi gani?

Dereva wa lori. Ulianza Julai 1993 RTD, mara mbili kwa wiki. Mkwaju ana mke nyumbani, Tunu, na ana wanawake kila kituo anacholala. Mwishowe anaugua UKIMWI na kufa, na Tunu anaachana naye na kuanzisha biashara yake mwenyewe.

Nimekulia Makambako, pale Tanzam, barabara kuu ya kwenda Zambia, inapokutana na barabara ya Songea. Mama alikuwa anauza chai na chapati kwenye kibanda kando ya maegesho ya malori. Jioni baridi ikishuka madereva na matandiboi wao walijaa pale, na mama aliweka redio juu ya kreti ya soda. Mchezo ukianza hakuna aliyedai chenji. Mwanzoni wanaume walimcheka Mkwaju na kumshangilia, kila mmoja akimtaja mwenzake kwamba ndiye. Alipoanza kuumwa kicheko kiliisha. Namkumbuka dereva mmoja mtu mzima, alikuwa ameshika kikombe cha bati kwa mikono miwili, hanywi, anaangalia redio. Kipindi kilipokwisha aliweka kikombe kikiwa kimejaa, akalipa, akaenda kwenye gari. Mama hakumwambia neno. Miaka ile tulikuwa tunazika watu wa barabara hiyo kila mara, na nyumbani hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina. Redio ndiyo iliutaja, kwa Kiswahili, mbele ya kina mama na watoto na wanaume wenyewe. Nauheshimu mchezo ule kuliko kipindi chochote nilichowahi kusikiliza.

Na hapo kuna swali zuri la kuunganisha. Mwaka 1990 Remmy Ongala alitoa "Mambo kwa Soksi", anahimiza kondomu waziwazi, na RTD haikuupiga. Miaka mitatu baadaye RTD hiyohiyo inarusha Mkwaju kila wiki. Waulize wazee wataje wimbo uliokataliwa.

La wajuzi kabisa: mkoa gani haukusikia Twende na Wakati miaka miwili ya mwanzo? Dodoma. Mtambo wa kule ulirusha vipindi vyake vingine kwa makusudi mpaka 1995, ili watafiti walinganishe wanaosikiliza na wasiosikiliza.

Wa Tunduma

Haraka haraka. Nani aliwafunga Italia mabao matatu kwenye Olimpiki ya Seoul 1988, Zambia ikishinda 4-0? Kalusha Bwalya. Na kwa nini hakuwemo kwenye ndege iliyoanguka Gabon Aprili 1993? Alikuwa Uholanzi akicheza soka, alikuwa asafiri peke yake kutokea huko. Mwaka uliofuata timu mpya ilifika fainali ya Afrika kule Tunisia, ikafungwa na Nigeria 2-1. Mjomba wa semi atajibu yote haya, upande wetu wa mpaka tulilia nao.

Na kwa watoto, wasije wakakaa bure: mwanamuziki gani wa rap alichaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini 2010? Hilo watalipata, ni Sugu. Kisha waulize wazee albamu yake ya 1995 iliitwaje. "Ni Mimi".

Kijana wa Katumba

Ndaga fijo wote. Dada wa Kihesa, nimempigia mama mkubwa nikamtajia Tancut tu, ameimba simu nzima, salio limeisha anaimba. Mambo mawili nauliza. Kwanza, la televisheni niliweke? Nilifikiria "televisheni ilianza mwaka gani". Pili, kuna swali nimeandika kuhusu JUWATA, na najua baba mdogo atasema OTTU, mwingine atasema Msondo, na ugomvi utaanzia hapo.

Binti wa Kihesa

La televisheni liweke, lakini ligawe, vinginevyo watagombana kwa haki. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973. Bara tumengoja mpaka 1994, ITV na wenzake. Watoto watashangaa kwamba mtu alimaliza shule, akaoa, akapata watoto, bila kuwahi kuwa na televisheni nyumbani, na hakuwa maskini.

Hilo la bendi, wote watakuwa sahihi, ni bendi ileile ikibadilishwa jina kila jumuiya ya wafanyakazi ilipobadilika: NUTA Jazz, ikawa JUWATA, kuanzia 1991 ikawa OTTU, sasa Msondo Ngoma. Kwa hiyo kwenye swali taja mwaka. Sema "mwaka 1985 bendi hii iliitwaje", jibu linabaki JUWATA na baba mdogo hana pa kushika.

Kwa mapacha wa Tancut usimpe mtu alama kamili kwa jina moja. Atakayemtaja Kasaloo peke yake apewe nusu.