Wajukuu wa Bi Mwanaidi, Texas: matairi ya trela

JUMANNE

Rukia: Assalaam alaykum. Idi hiyo inakuja, mbuga ya Big Bend tumeshalipia nafasi, na trela bado liko kwa Fikiri na matairi yale yale. Leo nimekwenda kuyakagua mwenyewe. Someni mpaka mwisho tafadhali.

Rukia: [picha] Ubavu wa tairi la nyuma kushoto. Penye herufi DOT tazameni tarakimu nne za mwisho: 2318. Yaani limetengenezwa wiki ya 23, mwaka 2018. Kashata bado nene, ndiyo maana kila mtu anasema "mbona mazima". Ubavuni kuna nyufa, ukucha unaingia. Trela linashinda juani mwaka mzima, mpira unakauka hata kama halitembei.

Juma: Wiki ya 23 mwaka ule ilikuwa Ramadhani. Tairi la swaumu hilo 😂

Hamisi: Ndiyo maana kila asubuhi halina upepo, limefunga 😂😂

Juma: Lipeni futari jamani

Rukia: Juma, Hamisi, gari linalovuta hilo trela litakuwa na watoto wanne ndani.

Fikiri: Nimeona.

Rukia: Umeona, halafu?

Rukia: Haya, naendelea. Kibandiko cha ubavuni mwa trela kinasema ST205/75R15, daraja la uzito C, upepo PSI 50. Tairi moja la C linabeba paundi 1,820. Yote manne ni 7,280. Mara ya mwisho tulipopima kwenye mizani ya malori, pamoja na maji na mizigo ya Mwanaisha, ekseli zote mbili zilisoma 6,900. Imebaki kidogo mno. Daraja D, saizi ile ile, linabeba 2,150 kwa PSI 65. Ndilo ninalotaka. Ekseli zenyewe hazibadiliki, ni za 3,500 kila moja, kwa hiyo msianze kuongeza masufuria.

Mwanaisha: Mizigo yangu imeingiaje hapa?

Hamisi: Kuna jamaa ana matairi ya gari dogo, nusu bei, 205 hiyo hiyo.

Rukia: Hapana. ST ni la trela, ubavu wake mgumu. Fikiri akirudisha trela uani na kukata kona, hamuoni matairi yanavyojipinda, la mbele linasukumwa huku, la nyuma kule, mpaka changarawe zinarundikana? La gari dogo halitahimili hivyo na uzito ule juu yake.

JUMATANO

Juma: [picha] Rimu hizi vipi? Nyeusi, pembeni zinang'aa. Trela litaonekana la watu.

Mwanaisha: Nzuri 😍

Hamisi: Utalivuta au utalioa?

Rukia: Rimu si urembo. Nayo ina kiwango chake, kimegongwa kwa nyuma: paundi ngapi, PSI ngapi. Kama zetu mwisho ni 50, huwezi kuzijaza 65 hata ukiweka tairi la namna gani. Fikiri, angalia nyuma ya rimu. Hesabu na nati, nadhani ni tano. Na safari hii valvu ziwe za chuma, zile za mpira zinaishia 65, sitaki tutembee ukingoni.

Rukia: Fikiri?

Hamisi: Kwani lazima yote? Tubadilishe mawili yaliyochoka, mengine yamalizie safari hii.

Mwanaisha: Hayo ndiyo maneno yaliyosemwa kabla ya safari ya Corpus Christi.

Hamisi: Ya Corpus yaliisha.

Mwanaisha: Kwako yaliisha. Tairi lilipasuka, likachana bati la chini, likang'oa na bomba la gesi. Dola 640 zilitoka mfukoni kwangu. Kila mtu alisema "tutaona". Mpaka leo hakuna aliyeona.

Hamisi: Na nani aliwaazima trela watu wa harusi bila kuuliza?

Juma: Naleta bisi 🍿

Rukia: Jamani. Turudi kwenye matairi.

Ba'mkubwa Athumani: [ujumbe wa sauti, 1:52]

Rukia: Kwa mlio kazini, Ba'mkubwa anasema hivi: "Wanangu, nimewasikia. Mimi nimeendesha lori Tanga mpaka Tunduma. Tairi chakavu linakwenda vizuri mpaka likatae, na likikataa halikuchagulii mahali. Ya Wami sitayarudia, Zubeda yumo humu anasoma. Trela hilo lisitoke uani na tairi la zamani hata moja, la akiba nalo mlihesabu. Kama pesa hazijapatikana, Idi tutaswali Houston, tutakula pilau, basi. Habari ya Corpus nileteeni mimi, si humu."

Ma'mdogo Zubeda: Ahsante shemeji.

Fikiri: Tumesikia Ba'mkubwa.

Hamisi: Tumesikia.

Juma: Tumesikia. Shikamoo Ba'mkubwa.

Ba'mkubwa Athumani: Marahaba.

IJUMAA

Rukia: Ijumaa karim. Nimezungumza na gereji. Matairi matano ya daraja D, dola 100 kila moja, kufunga na kubalansi humo humo. Herufi yake ya spidi ni M, mwisho maili 81 kwa saa, ila msifurahi. Barabara kuu ya I-10 kule magharibi kibao kinasema 80. Hicho ni cha wenye magari matupu. Sisi na trela hatuzidi 65, na upepo tunapima asubuhi tairi likiwa baridi, kila siku ya safari. Rimu tano zikihitajika ni dola 80 kila moja. Jumla 900, nyumba sita, 150 kila nyumba.

1. Rukia ✅
2. Fikiri
3. Juma
4. Hamisi
5. Mwanaisha
6. Salma

Juma: 3. Juma, Jumatatu in sha Allah

Hamisi: Kama rimu hazihitajiki tunarudishiwa?

Rukia: Ndiyo Hamisi. Toa kwanza.

Mwanaisha: Mimi nikateni kwenye ile 640.

Rukia: Hilo Ba'mkubwa amesema lipelekwe kwake.

Mwanaisha: Nimelipeleka jana. Amesema analitafakari.

Fikiri: [picha] Nyuma ya rimu. Kutu imekula. Naona 1820, halafu PSI hapasomeki. Nati tano.

Rukia: Alhamdulillahi umepatikana. Pasugue kwa brashi ya waya, upige picha nyingine mchana kweupe. Bila namba ya PSI siagizi rimu wala matairi. Na gereji ikishafunga, nati zikazwe kwa spana ya kupimia, tukitembea maili 50 hivi tusimame tukaze tena. Hiyo spana iko kwa nani?

Juma: Hamisi aliiazima kwangu.

Hamisi: Niliirudisha.

Juma: Lini?

Salma: Ndiyo kwanza natoka zamu. Hizi 150 za nini?

Rukia: Salma, panda juu usome.